Kwa wanangu mnaohubiri: msimgawe Mungu

Wanangu wainjilisti, walimu wa Shule ya Jumapili na viongozi wa vikundi vya Biblia, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna mahubiri yanayonihuzunisha sana: yale yasemayo kuwa Mungu wa Agano la Kale ni hakimu mwenye hasira, na wa Agano Jipya ndiye mwokozi. Fundisho hilo ni la zamani. Marcion wa Ponto, mwalimu wa karne ya pili, alilishika, na mwaka 144 kanisa la Roma likamtenga. Hurudi kila mara Maandiko ya Waebrania yanaposomwa vipandevipande, mstari mmoja leo, mwingine kesho. Dawa yake ni kukisoma kitabu kizima kwa utaratibu, na mimi ningewaanzisha kwenye kitabu cha Waamuzi.

Kabla hujachagua shujaa wa kumhubiri, soma 2:11–19, kwa sababu hapo mwandishi anatoa ramani ya kitabu chake. Kisha chukua karatasi uchore safu sita: kosa, mtesi, miaka ya mateso, kilio, aliyeinuliwa, miaka ya amani. Jaza mwenyewe kwa kalamu, usinakili kwa mtu. Othnieli: Kushan-rishathaimu, mateso miaka 8, amani 40. Ehudi: Egloni wa Moabu, 18, amani 80. Debora na Baraka: Yabini mwenye magari ya chuma 900, miaka 20, amani 40. Gideoni: Wamidiani, 7, amani 40.

Ukimaliza utaona kwamba aliyewatia Israeli mkononi mwa adui ndiye yuleyule anayewainulia mwokozi. Mwandishi hakuhitaji miungu miwili. Sasa rudi kwenye safu ya kilio, maana hapo wengi huteleza. Katika 3:9, 3:15 na 4:3 watu wanalia tu. Mistari hiyo haitaji kuungama wala kuacha sanamu. Sababu ya kuokolewa imetajwa katika 2:18: BWANA aliwahurumia kwa ajili ya kuugua kwao. Anayehubiri kwamba "walitubu, ndipo wakaokolewa" ameongeza neno ambalo mistari hiyo haina, na mama mwenye shida ataondoka akidhani kilio chake hakijafika kwa kuwa toba yake haijatosha. Mnawatwika watu mzigo ambao andiko halikuwatwika.

Toba inapotokea waziwazi, mambo yanakuwa magumu zaidi. Hiyo ni sura ya 10, na ningependa muikalie kwa muda mrefu kuliko sura nyingine yoyote. Waamoni wamewaonea Israeli miaka 18. Israeli wanaungama, na Mungu anawakatalia: nendeni mkaililie ile miungu mliyoichagua, iwaokoe yenyewe. Mhubiri mkali hukomea mstari wa 14. Mhubiri mpole huruka hadi kwa Yeftha, mwokozi wa sura ya 11. Someni 15 na 16: Israeli wanajiweka mikononi mwa Mungu awatende apendavyo, wanaondoa miungu migeni, naye Mungu hawezi tena kuyavumilia mateso yao. Katika mistari saba tu, hasira na huruma zinatoka kwa Mungu mmoja, katika kesi moja. Halafu 11:27, Yeftha akibishana juu ya ardhi na mfalme wa Amoni, anamwita BWANA Mwamuzi aamue kati ya pande mbili. Wokovu wa Israeli unakuja kwa njia ya hukumu hiyo.

Baada ya Gideoni, safu ya amani inabaki tupu hadi mwisho. Kwa Samsoni hata safu ya kilio ni tupu: miaka 40 chini ya Wafilisti bila kutajwa kwamba Israeli walimlilia Mungu awaokoe, na watu 3,000 wa Yuda wanakuja kumfunga wenyewe ili wamkabidhi. Hata hivyo malaika amemtokea mke wa Manoa, mama yake Samsoni, akamwambia mtoto wake ataanza kuwaokoa Israeli. Msizijaze safu hizo tupu kwa maneno yenu. Waonyesheni watu zilivyo.

Wengine wataniuliza, mbona Zaburi ya 96 inaifanya miti ya mwituni iimbe kwa kuwa Mungu anakuja kuhukumu? Mjane aliyenyang'anywa shamba haogopi siku ya baraza la ardhi, anaihesabu. Kumbukumbu la Torati 10:17–18 linasema Mungu hapokei rushwa, na huwafanyia haki yatima na mjane. Katika Kutoka 6:6 anaahidi kuwakomboa Israeli kwa hukumu kubwa: pigo lilelile ni hukumu kwa Farao na mlango wa kutokea kwa watumwa. Kwa hiyo kila kifungu cha hukumu kiulizeni kwanza: nani analia hapa, na nani amemshika?

Mkishajua kuuliza hivyo, angalieni msimweke jirani tu upande wa anayeonea. Nabii Amosi alipotangaza hukumu alianza na Dameski, Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu na Yuda, bila shaka wasikilizaji wakiitikia. Wa nane walikuwa wao wenyewe, Israeli, waliomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Msikomee hapo pia. Endeleeni hadi 9:15, watu wanapopandwa tena katika nchi yao.

Na msiende msibani, wala kwenye nyumba iliyobomolewa na mafuriko, mkasema hii ni hukumu ya Mungu kwa familia hii. Katika Waamuzi mwandishi mwenyewe anatuambia sababu. Ninyi hamjaambiwa sababu ya nyumba ile. Rafiki za Ayubu walijipa kazi ya kueleza, na katika 42:7 hasira ya Mungu ikawaka juu yao. Kaeni na wafiwa, someni zaburi ya kilio kama ya 13, mwombeni Mungu asikie.

Mzee wenu katika Kristo.