Thioremu haigeuzwi hovyo: barua ya wazi kwa walimu vijana wa hisabati

Walimu wangu vijana mliopangiwa Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na hapa Dodoma mjini, salaam.

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Kuna daftari la kidato cha pili. Juu, ndani ya kiboksi cha wino mwekundu, imeandikwa a² + b² = c². Chini yake pamechorwa pembetatu yenye pande za sentimita 5 na 6, na pembe iliyo kati yake ni nyuzi 70. Mtoto kajumlisha 25 na 36, katafuta kipeuo cha 61, kaandika 7.8. Mwalimu kaweka vema. Vema hilo ndilo lililonikosesha raha, kwa sababu mtoto angechora umbo lile akapima kwa rula, angepata kama sentimita 6.4. Thioremu ya Pythagoras ni ya pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90; haijaahidi chochote kuhusu nyuzi 70.

Kila thioremu ni ahadi yenye sharti. Inasema: ikiwa mambo yako hivi, basi lazima iwe vile. Uthibitisho ndio unaoonyesha sharti linafanya kazi mahali gani. Mkiruka uthibitisho kwa kuwa "hauji kwenye mtihani", mtoto hatajua kamwe lini thioremu imemwacha mkono.

Ila kosa linaloniudhi kuliko yote ni la kuigeuza thioremu: kuchukua "hivi, basi vile" na kuifanya "vile, basi hivi".

Wapelekeni wanafunzi kwenye viwanja vinavyojengwa huko Mtumba au Ihumwa wakamwangalie fundi akipiga kona ya msingi. Anapima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, kisha anasogeza kigingi mpaka tepu isome mita 5 kati ya alama hizo mbili. Waulizeni: fundi anajua tayari kwamba pembe ni mraba? Hajui, ndicho anachokitafuta. Kwa hiyo anatumia kinyume cha thioremu: pande zikikubaliana, pembe ni nyuzi 90. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha thioremu yenyewe kama pendekezo la 47 la kitabu cha kwanza cha Elements, kisha akathibitisha kinyume chake peke yake, pendekezo la 48. Aliona uthibitisho mmoja hautoshelezi yote mawili. Na msiache hesabu ya kosa: fundi akikosea kusoma tepu, akasoma 5 pale penye mita 5.05, kona inakuwa kama nyuzi 91.2, na ukuta wa mita 12 unakwenda upande kwa sentimita 25 hivi mwishoni. Kwa 6, 8 na 10, kosa lile lile la sentimita 5 linaupeleka kama sentimita 12 na nusu tu. Ndiyo sababu fundi mzuri hupiga pembetatu kubwa.

Hapa kinyume kilikuwa kweli. Mara nyingi si kweli. Mvua ikinyesha, barabara inalowa. Lakini ukiikuta imelowa mwezi wa nane hapa Dodoma, huenda boza la maji ndilo limepita. Kinachofuata bila shaka ni hiki tu: barabara ni kavu, basi mvua haijanyesha sasa hivi.

Kwenye uwezekano, kugeuza huku kunaumiza watu. Chukueni mfano wa darasani: watu 10,000, ugonjwa unao 1 kati ya 100. Kipimo kinawakamata wagonjwa 95 kati ya 100, na kinawasingizia wazima 5 kati ya 100. Wagonjwa ni 100, kinawakamata 95. Wazima ni 9,900, kinawasingizia 495. Walioambiwa "unao" ni 590, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 95, yaani asilimia 16. Msomi wa shahada atakwambia asilimia 95 bila kupepesa macho, kwa kuwa amegeuza "mgonjwa, basi kipimo kitamwona" kuwa "kipimo kimemwona, basi ni mgonjwa". Thioremu ya Bayes, iliyochapishwa 1763 baada ya yeye kufa, ipo kwa ajili ya safari hiyo ya kurudi, na inadai ujue kwanza ugonjwa umeenea kiasi gani. Anzeni na watu 10,000 ubaoni. Fomula ije baadaye.

Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark alihukumiwa kwa mauaji ya watoto wake wawili wachanga. Shahidi alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 kati ya milioni 73. Alichukua uwezekano wa kifo kimoja, 1 kati ya 8,543, akauzidisha kwa wenyewe, kana kwamba vifo vya ndugu wawili havitegemeani, sharti ambalo hakuna aliyelithibitisha. Ilikuwa rahisi kisha namba hiyo igeuzwe, isikike kama uwezekano wa mama kuwa hana hatia. Aliachiwa 2003. Ilikuwa kuzidisha tu, wanangu, kazi ya kidato cha nne.

Na sisi jamii tuna lawama. Wakuu wa shule wanadai maswali ya mitihani iliyopita yarudiwe mpaka yakaririwe, wazazi tunasema hisabati ni ya wenye vipaji, halafu vijana hao hao wanashinda na mikeka ya kubashiri mechi. Timu nane, kila moja ikiwa na asilimia 70 za kushinda: zidisha 0.7 nane zote pamoja, unapata chini ya asilimia 6. Tena wanasema timu iliyofungwa mara tano "inadaiwa ushindi". Kanuni ya idadi kubwa, ya Jacob Bernoulli, 1713, haisemi hivyo. Inahusu wastani wa majaribio mengi yasiyotegemeana, na majaribio hayo hayalipani madeni.

Mengine nayataja tu. n² + n + 41 inatoa namba tasa kuanzia n = 0 hadi 39, kisha 40 inatoa 1681, ambayo ni 41 mara 41: mifano arobaini si uthibitisho. Thioremu ya Gödel ya 1931, kwamba mfumo wa kanuni za hesabu usiojipinga hauwezi kuthibitisha kila kauli ya kweli, ina masharti yake, haisemi kwamba "hakuna ukweli". Na mfano mmoja unaopinga unatosha kuivunja kauli.

Najua madarasa yamefurika na walimu wa hisabati hawatoshi. Siwaombi kipindi cha ziada. Kila mnapoandika thioremu, liandikeni sharti lake kwanza, kisha waulizeni kama kinyume chake ni kweli, na wanaokataa walete mfano. Anzeni na hili: mstatili una urefu sawa kona kwa kona, yaani mistari miwili ya ulalo inalingana. Je, kila umbo la pande nne lenye urefu sawa kona kwa kona ni mstatili? Wachore trapeza yenye pande sambamba za sentimita 12 na 9, pande mbili za kando zikiwa sawa, wapime. Kisha wamuulize fundi kwa nini hupima kwanza kuta zinazotazamana.

Mzee wenu,
Dodoma