Barua kwa Zuhura kuhusu chuo anachokitaka Lea

Silver Spring, Maryland
20 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, wewe, Baba Nasra na wote mnaokaa hapo Makadara, Mombasa, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi huku ni wazima. Sikukuu zetu za Kiyahudi za mwaka mpya zilimalizika juma lililopita, kibanda tulichojenga uani tumekwisha kukibomoa, na nyumba imerudi katika hali yake ya kawaida, isipokuwa kwa jambo moja ambalo ndilo lililonikalisha leo kukuandikia kwa urefu badala ya kukutumia salamu fupi kwa simu.

Ama baada ya salamu, Lea yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na anataka kuomba nafasi katika chuo kidogo kilichoko pwani ya Maine ili asomee sayansi ya bahari. Anataka kuomba kwa ule utaratibu wa mapema unaomfunga mwombaji, ambapo akikubaliwa hana budi kwenda, na maombi yake mengine yote huondolewa. Mwisho wa kuyapeleka ni katikati ya Novemba. Baba yake hajaridhika. Bibi yake mzaa baba hataki hata kulisikia jina la chuo hicho. Mimi nimesimama katikati yao, na miongoni mwa watu wote ninaowajua hakuna aliyepita njia hii kama wewe ulivyopita na binti yako Nasra, kwa hiyo nakuomba uisome barua hii kwa utulivu na unijibu kwa ukweli, hata kama ukweli wenyewe hautanipendeza.

Kwa wazazi wa Kiyahudi wa mtaa wetu, kumtafutia mtoto chuo ni kazi ya ukoo mzima, nayo huanza mapema. Jumamosi baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya divai na vipande vya samaki, mazungumzo ni hayo hayo: fulani amepelekwa kuona Michigan, fulani ameahirisha chuo ili akasome Torati mwaka mmoja Yerusalemu kwanza, fulani amekubaliwa Binghamton. Mume wangu ameandaa jedwali refu lenye kila chuo tulichokifikiria. Safu ya kwanza ni idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi kama inavyokadiriwa na Hillel, ile jumuiya ya wanafunzi iliyoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois na ambayo sasa iko katika mamia ya vyuo. Zinafuata safu za jikoni la kosheri, yaani chakula kinachoruhusiwa na dini yetu, za umbali wa sinagogi kwa miguu, na za kama eneo la chuo limezungushiwa ule mpaka wa nyaya unaoruhusu watu kubeba vitu nje ya nyumba siku ya Sabato. Karo iko katika safu ya mwisho, ingawa ndiyo anayoitazama kwanza.

Usidhani kwamba ninalidharau jedwali hilo. Maswali yaliyomo ni ya lazima, na mengi yake hayamjii mtu ambaye hashiki Sabato. Siku za wazi ambazo vyuo huwaalika wazazi mara nyingi huwa Jumamosi, siku ambayo sisi hatuendeshi gari wala hatuandiki, kwa hiyo hata kuandikisha jina langoni ni shida. Milango ya mabweni siku hizi hufunguliwa kwa kadi za umeme, na mtoto anayeishika Sabato kikamilifu hawezi kuitumia kadi hiyo kuanzia machweo ya Ijumaa hadi nyota zitokeze Jumamosi, hivyo ni lazima uulize kama wanatoa ufunguo wa chuma. Mwaka Mpya wetu, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda huangukia Septemba na Oktoba, masomo yakiwa yameanza tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hujikuta akiomba ruhusa ya kukosa vipindi kabla walimu hawajalijua jina lake. Brandeis, ambacho ndicho bibi yake Lea anachokitaka, hufunga siku hizo. Maryland, chaguo la mume wangu, ni jirani, karo yake ni nafuu kwa wakazi wa jimbo, ina wanafunzi wa Kiyahudi kwa maelfu, na Hillel yao ina ukumbi wa chakula cha kosheri. Akiwa huko, Lea anaweza kuja nyumbani kila Ijumaa.

Kuhusu Maine, hofu yangu imekaa juu ya jua. Wewe na mimi tumekulia mahali ambapo magharibi huingia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, na hatukuwahi kuwaza kwamba machweo yanaweza kugombana na ratiba ya masomo. Kule kaskazini, saa zikisharudishwa nyuma mwanzoni mwa Novemba, jua huwahi kuzama siku baada ya siku, hadi katikati ya Desemba linapozama kama saa kumi jioni. Sisi huwasha mishumaa ya Sabato dakika 18 kabla ya jua kuzama, maana yake saa kumi kasorobo, au hata kabla ya hapo, kazi zote ziwe zimesimama. Sasa fikiria, sayansi ya bahari haisomwi darasani peke yake. Kuna vipindi vya maabara vya saa tatu mfululizo baada ya chakula cha mchana, na kuna kutoka kwa mashua kwenda kuchukua sampuli za maji, na nilipoisoma ratiba yao niliona kwamba baadhi ya vipindi hivyo ni vya Ijumaa alasiri.

Tulipokwenda kukiona chuo hicho, nilimwuliza mtu wa ofisi ya udahili aliyetupokea kama mwanafunzi anaweza kuhamishwa kwenye maabara ya siku nyingine kwa sababu ya dini. Alinijibu kwa uchangamfu kwamba wana vyama vingi vya wanafunzi wa tamaduni mbalimbali, akanipa kijitabu chenye picha. Nikauliza tena, naye akanirudisha kwenye vyama. Jambo hili liliniudhi sana, Zuhura, kwa sababu sikuuliza kama mwanangu atasherehekewa. Niliuliza kama atapata alama yake ya maabara bila kuivunja Sabato. Aliyenijibu sawasawa ni mwalimu wa baharini tuliyemkuta gatini amevaa buti za mpira. Alisema kwamba kundi la Jumanne lipo, kwamba mwanafunzi anapaswa kumwandikia mwalimu kabla muhula haujaanza, na kwamba safari za mashua za Ijumaa zinaweza kufidiwa, lakini si zote. Maneno hayo, "si zote", nimekuwa nayo tangu siku hiyo. Hata hivyo nilimwamini kuliko kijitabu.

Nataka pia uelewe kwa nini wazee wa upande wa mume wangu wanaitazama idadi kwa jicho kali namna hii, maana hata mimi ilinichukua miaka kuelewa. Mwaka 1922 A. Lawrence Lowell, rais wa Harvard, alitaka idadi ya wanafunzi wa Kiyahudi iwekewe kikomo, kwa kuwa walikuwa wamefikia kama mmoja katika kila watano. Fomu ya maombi ikaanza kuuliza dini ya mwombaji, jina la mama kabla ya kuolewa, mahali alipozaliwa baba, na kama jina la familia limewahi kubadilishwa. Vyuo vingine vilikuwa na njia zao. Barua za kumsifu mwombaji, mahojiano, picha na maelezo ya tabia vilipata nguvu katika miaka hiyo, kwa sababu mtihani peke yake ulikuwa unawaingiza Wayahudi wengi mno. Baba yake mama mkwe wangu alikuwa na alama nzuri, na milango ya shule za udaktari ilifungwa mbele yake moja baada ya nyingine. Brandeis ilipoanzishwa mwaka 1948 kwa fedha za Wayahudi, ikiwa wazi kwa watu wa dini zote, mama huyu alikuwa msichana mdogo, na anakumbuka baba yake akikata habari hiyo gazetini. Anaposema leo kwamba mjukuu wake asiende mahali ambapo Wayahudi wanahesabika kwa vidole, ni msiba wa nyumbani kwao anaousema, nami siwezi kumwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati.

Isitoshe, miaka hii miwili imewarudishia wazee hofu yao. Desemba 2023 marais wa vyuo vitatu vikubwa walihojiwa bungeni Washington kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, na Aprili 2024 mahema ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza yaliwekwa katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Columbia. Lea husema kwamba ndani ya mahema yale walikuwamo pia wanafunzi wa Kiyahudi, nao waliifanya karamu yao ya Pasaka humo humo. Baba yake hujibu kwamba nje yake walikuwako Wayahudi walioogopa kupita. Yote mawili ni kweli, na yamekaa mezani petu kila jioni. Nakumbuka katika miezi hiyo hiyo Nasra alikuwa akitembea na wenzake wawili au watatu jioni kwa sababu ya mtandio wake, na wewe na mimi tulikuwa tukizungumza hadi usiku wa manane kwa saa za Mombasa, tusikubaliane katika kila jambo, lakini tukijua kwamba tunaogopa kitu cha namna moja. Sijasahau uvumilivu wako.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo nililoliona Maine ambalo jedwali halina safu yake. Tulifika Alhamisi tukakaa hadi Jumapili, katika nyumba ya wageni iliyo karibu, ili Ijumaa usiku twende chuoni kwa miguu. Wanafunzi walipika wenyewe alasiri, kabla ya Sabato kuingia. Mmoja alikuwa akichambua mchele, mwingine akisuka unga wa mkate wa Sabato, na msichana kutoka Ohio alimpa Lea kisu na karoti bila kumwuliza yeye ni nani wala mama yake alizaliwa wapi. Wewe unajua ni mara ngapi mwanangu huulizwa hilo katika sinagogi kubwa zenye watu wema kabisa, kwa sababu ya rangi yake, na jinsi anavyojibu kwa adabu kwamba ndiyo, ni Myahudi, na mama yake aliingia dini mbele ya marabi watatu kabla hajazaliwa yeye. Pale hakuulizwa. Ibada ikitaka watu kumi nao wako wanane, humpigia simu kabla ya jua kuzama mwalimu mmoja wa hisabati, naye huja na mumewe. Nilimwuliza yule msichana kama hawachoki. Akasema wanachoka, hasa Februari, na kwamba kuna Ijumaa ambazo angependa awe chuo ambacho chakula kinapikwa na watu wengine, lakini hajawahi kukosekana bila mtu kwenda kumgongea mlango.

Naogopa kuitegemea ziara moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na sisi tuliondoka kabla ya jembe. Wengi wa hao wanaopika sasa watakuwa wamehitimu Lea akifika mwaka wa tatu, na kundi dogo likipungua watu wanne tu limekwisha. Rabi wetu, nilipomwendea, alinikumbusha kwamba Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, inataja mambo ambayo baba anadaiwa na mwanawe: kumtahiri, kumfundisha Torati, kumwoza, kumfundisha kazi, na wapo waliosema, kumfundisha kuogelea pia. Mume wangu alisema kuogelea Lea alikwisha fundishwa na babu yake pale Nyali, na kwamba deni hilo limelipwa. Tulicheka sote, kisha tukarudi kubishana kuhusu karo, ambayo chuoni humo, pamoja na malazi na chakula, inapita dola 80,000 kwa mwaka kabla ya msaada wowote. Ukiomba kwa mkataba ule wa mapema, huwezi kuweka msaada wa chuo kimoja kando ya msaada wa kingine ukachagua. Hapo mume wangu ana hoja ambayo sina jibu lake.

Basi, dada yangu, niambie. Nasra alipokwenda kule Massachusetts na kukuta hakuna halali isipokuwa ya kujipikia, ilimchukua muda gani kabla hajazoea, au hakuzoea kamwe akakuficha? Majira ya baridi, alasiri na magharibi zilipokuwa zikimbana katikati ya masomo, alizungumza na walimu yeye mwenyewe au mlimwandikia ninyi? Wale aliokuwa akiswali nao Ijumaa walipohitimu, nani alibaki? Je, umewahi kutamani ungemzuia? Najua vyuo kama Mount Holyoke na Dartmouth viliwahi kuanzisha jikoni la pamoja la kosheri na halali. Unadhani tukiandika barua mimi na wewe, mama wa Kiyahudi na mama wa Kiislamu, chuo kidogo kama hiki kitatusikiliza, au ni ndoto zangu tu? Na Nasra mwenyewe, hataona vibaya Lea akimpigia simu Jumapili, wazungumze bila sisi kuwasikiliza? Bado namba yake ni ile ile? Bwana Bakari amekwisha rudi kutoka Muscat? Na ile kesi ya Mama Riziki na jirani yake imefikia wapi?

Nijibu kabla ya tarehe 10 Novemba, nakuomba sana, hata kama ni kwa ujumbe wa sauti. Msalimie mama na umwambie dawa ya magoti nimeipata, nitampa Halima akija Desemba.

Wako wa siku zote,
Mama Lea