Jumamosi tunaanza saa 3 asubuhi

Habari za jioni wanakikundi,

Muda umebadilika: saa 3 asubuhi badala ya saa 8 mchana, palepale maktaba. Tunaweka Linux Mint Xfce (mfumo endeshi mwepesi) kwenye kompyuta za zamani, kisha tunazipamba.

1. Njoo na flashi ya GB 8 isiyo na kitu; itafutwa yote.
2. Unayebaki na Windows pembeni, zima Fast Startup (mpangilio wa Windows wa kuwaka haraka). Ukiiacha bila kuizima, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux itaisoma diski hiyo bila kuweza kuandika.
3. Mchango wa bando la intaneti: sh. 2,000, mwisho Ijumaa saa 12 jioni.

Timeshift (programu ya kuhifadhi nakala ya mfumo ili uweze kuurudisha) kwanza, rangi na ikoni baadaye! Ila kwa kawaida hairudishi paneli (upau wa menyu na ikoni) uliyoivuruga. Kwa hiyo nakili pembeni folda ya .config/xfce4, yenye mipangilio hiyo.

Tafadhali jibu NAKUJA na utaje RAM ya mashine yako. Chini ya GB 2, niambie leo.