Somo, Yule Waziri Nimemkuta Istanbul

Istanbul, Jumatatu usiku

Somo yangu Zuhura,

Baada ya salamu nyingi, mimi sijambo ila miguu. Leo siku ya sita napanda na kushuka ngazi za maduka ya Laleli, na manunuzi nilikwisha kuyamaliza tangu juzi: mashungi, nguo za watoto, suruali za jinzi kwa dazeni. Sasa mtu wa kargo ananiambia mzigo hauondoki mpaka Alhamisi. Nimegomba, nimebembeleza, mwisho nimenyamaza. Basi nina siku tatu za bure katika mji huu, jambo ambalo halijapata kunitokea tangu nianze biashara.

Ndipo nikakukumbuka wewe na ubishi wetu wa Ramadhani, pale kwako Ngamiani, tulipokuwa tukitazama tamthilia ya Kituruki baada ya futari. Alipotokea yule pasha mrefu, Sokollu Mehmed, waziri wa masultani wa Kituruki wa zamani, nikasema huyu ndiye nimpendaye kuliko wote. Ukanikata pale pale kwa sauti yako ya darasani: "Mwacha asili ni mtumwa. Kaibwa kwao, kageuzwa jina na dini, kisha kawatumikia waliomwiba. Wa kupendwa nini hapo?" Nilinywa chai yangu kimya, maana sikuwa na jibu. Leo ninalo, au niseme ninayo nusu yake.

Jana alasiri niliuliza msikiti wa karibu, nikaelekezwa niteremke Kadırga, upande wa bahari. Mtaa wenyewe mteremko mtupu. Unaingia msikitini kwa ngazi zinazopita chini ya chumba cha darasa, kisha unatokea uani: birika la udhu katikati, vyumba vya wanafunzi vikilizunguka. Ndani, ukuta wa kibla umepambwa vigae vya İznik kuanzia chini mpaka juu, buluu na kijani, na wekundu mmoja mkali kama nyanya. Nimeswali, nikakaa. Mzee mmoja mtunza msikiti akaniona nimeduwaa, akanyoosha kidole juu ya mihirabu, kisha kwenye mimbari, kisha nyuma juu ya mlango. Kituruki changu kinaishia kwenye "bei gani", lakini alipotamka Hajar al-Aswad nilielewa. Vipande vidogo vya lile Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, ndivyo wanavyosema, vimepachikwa humo katika fremu za rangi ya dhahabu. Nimesimama nimeinua kichwa kama mtoto anayeangalia embe la jirani. Kutoka nje nikauliza jina la msikiti. Sokollu Mehmed Pasha! Somo, wallahi nilicheka peke yangu uani.

Kajengewa na Mimar Sinan, msanifu majengo wa masultani, ukakamilika mnamo 1571 au 1572, kwa jina lake na la mkewe İsmihan, binti wa Sultani Selim wa Pili. Na mtu mwenyewe alianzia wapi? Kijiji cha Sokolovići, upande wa Rudo, mashariki ya Bosnia, katika familia ya Wakristo wa Kiothodoksi. Jina la kijiji limetokana na kozi, ndege wa kuwindia. Inakisiwa alizaliwa 1505 au mwaka uliofuata. Uweke mwaka huo kichwani, maana wewe ndiye uliyenikaririsha: 1505 ndipo Wareno walipoipora Kilwa, na mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa. Nitarudi huko.

Alichukuliwa ni kijana tayari, kwa utaratibu ulioitwa devshirme. Maafisa wa Sultani wakipita vijiji vya Kikristo vya Balkani wakichagua wavulana wenye afya na akili, wanaondoka nao kwa mamia, wanasilimishwa, wanafundishwa. Watu wa huko waliita kodi ya damu, na sioni jina linalofaa zaidi. Mvulana akitoka hapo huwa kul, mtumwa wa Sultani: mali yake ya Sultani, shingo yake ya Sultani. Lakini uone kituko cha mambo: hao watumwa ndio waliopewa majeshi, majimbo na mihuri, kwa kuwa hawakuwa na ukoo wa kugombea kiti. Waziri Mkuu aliyemtangulia Sokollu, Ali aliyeitwa Mnene, naye alitoka pande hizo hizo za Bosnia. Mmoja mnene, mmoja mrefu. Kwa hiyo methali yako, somo, kwake imekaa kichwa chini: utumwa ndio ulioanza. La kuuliza ni kama asili aliiacha.

Safari yake ya vyeo sitakuchosha nayo. Shule za ikulu, Edirne kisha Istanbul. Mkuu wa walinzi wa malango. Mnamo 1546, alipofariki Hayreddin Barbarossa, mkuu wa manowari, akapewa manowari zote, yeye mtu wa milimani! Kisha gavana wa Rumelia, yaani majimbo ya Balkani, kisha waziri katika baraza. Mwaka 1559 wana wawili wa Sultani Suleiman walipopigana Konya, yeye alikuwa na jeshi la Selim, na Selim ndiye aliyeshinda. Miaka mitatu baadaye akaozwa binti wa Selim, bibi arusi msichana mbichi, bwana arusi keshapita hamsini. Juni 1565 akawa Waziri Mkuu.

Sasa fika hapa polepole, maana hapa ndipo aliponikamata.

Mwaka 1566 Suleiman, mzee na mgonjwa, alitoka kwenda vitani Hungaria. Jeshi likaizingira ngome ya Szigetvár, iliyolindwa na Nikola Zrinski. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba, ndani ya hema, Sultani akafariki. Ngome haijaanguka. Mrithi, Selim, yuko Kütahya, Anatolia. Na jeshi lile likijua halina Sultani linaweza kuvunja vita, kupora njia nzima, na kudai bahashishi kwa panga. Ungefanya nini, mwalimu?

Sokollu hakulia. Alimtuma mjumbe mbio kwa Selim, akawanyamazisha wachache waliojua, na kazi ikaendelea. Amri zikatoka kwa jina la Sultani, zikiandikwa na katibu wake Feridun. Siku iliyofuata ngome ikaanguka na Zrinski akauawa. Maiti ikatiwa dawa, ikasafirishwa katika gari lenye mapazia kama vile mgonjwa anasafiri, na inasimuliwa kuwa mtu alikalishwa humo ajifanye Sultani, askari wamwone kwa mbali. Siku 48! Sisi watu wa Tanga hatuwezi kuficha posa siku mbili. Walipokaribia Belgrade, ambako Selim alikuwa ameshafika, waziri akawaamuru mahafidhi wasimame kulizunguka gari waanze kusoma Kurani. Hakuna aliyetangaza neno. Askari waliposikia kisomo wakafahamu, kilio kikapanda kambi nzima.

Nikifikiria usiku huo simwoni pasha. Namwona kijana aliyeng'olewa kwao, anayejua tangu utotoni namna ya kubeba msiba bila kutikisa uso. Labda ni mimi tu ninavyomtunga, utasema. Sawa.

Baada ya hapo Selim alimwachia kazi yote, akabaki na starehe zake za ndani. Lakini si kila jambo lilikwenda alivyotaka. Vita vya Kupro hakuvitaka. Alipenda amani na Venice, wenzake barazani wakamzidi. Kisiwa kikachukuliwa, na tarehe 7 Oktoba 1571 Wakristo wakalipiza kwa vita vya baharini vya Lepanto: merikebu karibu 200 za Kituruki zikatekwa au kuzama siku moja. Majira yale ya baridi viwanda vya merikebu vya Istanbul havikulala. Mkuu mpya wa manowari, Kılıç Ali, alimlalamikia kwamba mbao zitapatikana, lakini nanga na kamba za merikebu zote hizo zitatoka wapi? Sokollu akamjibu kwamba dola hii ikitaka, nanga itazifua kwa fedha, kamba itazisokota kwa hariri, na matanga itayashona kwa atlasi. Yalipofika majira ya machipuo 1572, merikebu kama 150 zilikuwa majini.

Na balozi wa Venice, Barbaro, alipokuja kumpeleleza uso baada ya kushindwa kule, inasimuliwa alimwambia: "Nyinyi mmetunyoa ndevu. Sisi kwa kuichukua Kupro tumewakata mkono. Mkono uliokatwa hauoti tena, ndevu zilizonyolewa huota nyingi zaidi." Maneno ya mtu aliyekuwa akipinga vita hivyo hivyo, somo! Kinyongo chake kakiacha ndani, nje kamtetea bwana wake. Mwezi Machi 1573 Venice ikaikubali Kupro imekwenda, na fidia juu yake.

Sasa turudi kwetu, nilikuahidi. Mnamo 1568 amri ilitoka Istanbul kwenda kwa gavana wa Misri: wahandisi wakapime kama mfereji unaweza kuchimbwa kutoka Mediterania mpaka Suez. Sababu imeandikwa ndani ya amri: Wareno wamezagaa Bahari ya Hindi, wanawazuia mahujaji na wafanyabiashara, na manowari zipitishwe ziwafuate. Wakati huo huo Sultani wa Aceh, kule Sumatra, alikuwa ameomba msaada dhidi ya Wareno hao hao, na merikebu zikaandaliwa. Ukatokea uasi Yemen, zikageuzwa huko, Aceh wakapata kidogo sana. Mfereji nao haukuchimbwa. Mwaka 1569 alijaribu mwingine, wa kuunganisha mito Don na Volga huko Urusi, ukashindikana, na askari wakaganda kwa baridi njiani. Mtu wa mifereji isiyokamilika.

Niliposoma hayo hotelini niliweka simu chini. Mfereji ule ungepita, pwani yetu ingekuwaje? Yule Mir Ali Bey unayemfundisha, nahodha wa Kituruki, aliyekuja na merikebu zake miaka ya 1580 mpaka Wareno wakamkamata Mombasa mnamo 1589 na kisha wakaanza Ngome ya Yesu, alikuja Sokollu ameshakufa. Alikuja na vyombo vichache tu. Usinisahihishe kwa kalamu nyekundu, najua historia haina "ingekuwa".

Haya, asili. Mwaka 1557, akiwa waziri wa tatu tu, ndipo Upatriaki wa Kiserbia wa Peć, yaani uongozi wa kanisa la Kiothodoksi la huko, uliporudishwa baada ya kulala miaka mingi, na patriaki wa kwanza akawa Makarije Sokolović, damu yake mwenyewe. Pasha Mwislamu huku, askofu mkuu huko, ukoo mmoja! Ndugu zake wengine kawapandisha vyeo hadi watu wakachoka. Binamu yake Mustafa alikaa Buda, Hungaria, kama gavana miaka kumi na zaidi. Hilo mimi silisifu, hata kwetu tunao wa namna hiyo. Zawadi nazo zilikuwa zikiingia mlangoni mwake mchana na usiku.

Lakini kuna daraja. Višegrad, juu ya mto Drina, nchi ile ile aliyotolewa. Alimwagiza Sinan, kazi ikaanza 1571 ikaisha 1577: matao kumi na moja ya mawe, urefu unakaribia mita 180. Angeweza kulijenga popote pale Sultani angeona. Kalipeleka Bosnia, nusu karne na zaidi tangu aondoke. Vita viwili vikuu vya dunia vilibomoa baadhi ya matao yake, yakatengenezwa; na mwaka 1992 watu waliuawa juu yake na kutupwa mtoni, Waislamu wa Bosnia. Sikujua hilo mpaka juzi, na tangu nijue picha ya daraja sitaki kuiangalia kwa muda mrefu.

Kisha mambo yake yakakunjwa. Selim akafa 1574, akaingia Murad wa Tatu. Murad hakumvua cheo, alimkata matawi: Feridun akafukuzwa 1576, Mustafa wa Buda akauawa 1578, na vita na Uajemi vikaanzishwa mwaka huo huo naye akivipinga. Oktoba 1579, amekaa nyumbani kwake anasikiliza mashauri ya alasiri, akaingia mtu aliyevaa kidervishi, mavazi ya masufi, kama aliyeleta ombi lake la maandishi. Badala ya karatasi akatoa kisu. Miaka kumi na minne Waziri Mkuu, masultani watatu.

Hapo nikujibu, somo. Asili hakuiacha, hilo nakataa katakata. Lakini kuna jambo moja ulilonishinda nalo bila hata wewe kulitaja. Miaka yote hiyo kumi na minne aliyoshika muhuri, maafisa waliendelea kupita vijijini kule wakichukua watoto. Yeye ndiye aliyekuwa juu ya utaratibu wenyewe. Kila alipoona wavulana wapya wameletwa mjini, alijua mama zao wamebaki wapi. Nimelifikiria hilo tangu jana na sijui niliweke wapi. Kama wewe una pa kuliweka, niandikie.

Kesho asubuhi nitapanda basi kwenda Eyüp, alikozikwa. Kaburi nalo ni kazi ya Sinan. Nitamsomea Fatiha yangu, na ya kwako pia, ukubali usikubali.

Mashungi ya zambarau uliyoniagiza sikuyapata. Nimekuchukulia mawili ya kijani, na bei usiniulize. Mwambie shemeji dawa yake ya magoti ninayo. Mama mpe shikamoo yangu.

Somo yako,
Zuhura