Barua ya wazi kwa wajukuu mnaotaka alama zenu ziangaliwe upya

Wajukuu zangu,

Kila matokeo yanapotoka mnanijia mmoja mmoja, wengine mmeshikwa mkono na wazazi, na swali ni lile lile: "Babu, niombe waangalie upya au niache?" Nimeona niwajibu wote kwa mpigo mmoja, maana ninayomwambia huyu humfikia mwenzake yakiwa yameshatiwa chumvi.

Mnajua nimesahihisha mitihani miaka mingi. Basi nami nikiwasikiliza, huwa nangoja neno moja tu, na mara nyingi silisikii. Mnaniambia mlivyokesha mkisoma, mlivyotarajia, mlivyolia. Hamniambii ni karatasi ipi, swali lipi, na mnadhani nini kimeharibika hapo. Uchungu wenu naupokea, ila haumwelekezi mtu afungue ukurasa gani.

Nianze na jambo ambalo wengi mnalichanganya. Kuhesabu upya si kusahihisha upya. Anayehesabu upya hutazama kama kila jibu lilipewa alama, kama alama zilizoandikwa kwenye kurasa za ndani zilihamishwa sawasawa hadi kwenye jalada, kama jumla imekaa, na kama kilichoingizwa kwenye kompyuta ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi. Uamuzi wa msahihishaji haugusi. Msiidharau kazi hiyo. Usiku mmoja nilikuwa na karatasi ya mwisho kwenye bunda, na mtahiniwa wake alikuwa ameliruka swali la nne akalijibu nyuma kabisa, baada ya kurasa mbili tupu. Mimi nikaona kurasa tupu, nikafunga kitabu. Asubuhi mhakiki akalikuta jibu limekaa pale bila hata alama moja, na lilikuwa jibu zuri. Nilikuwa nimechoka; sina utetezi mwingine. Siku hizi wanaosahihisha kwenye skrini kompyuta huwajumlishia, kwa hiyo makosa ya kujumlisha yamepungua, lakini karatasi ya nyongeza bado inaweza kupotea kabla ya kupigwa picha.

Kusahihisha upya ni habari nyingine. Hapo mtu mwenye uzoefu huyasoma majibu yako akiwa na mwongozo wa usahihishaji mkononi. Sehemu nyingi haulizwi, "Wewe ungempa ngapi?" Anaulizwa kama alama ulizopewa zinakubalika kwa mwongozo ule. Insha iliyopata 14, ambayo yeye angeipa 15, ataiacha na 14 yake, na hajakudhulumu.

Nanyi mtaniambia wasahihishaji hawalingani. Ni kweli, na hilo limejulikana zamani. Mwaka 1912 na 1913 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwapa walimu wengi nakala za karatasi moja ile ile waisahihishe. Kwenye jiometri, somo ambalo watu hudhani halina ubishi, walimu zaidi ya 100 waliisahihisha karatasi ya mwanafunzi mmoja: yupo aliyeipa chini ya 30 kwa 100, na yupo aliyeipa zaidi ya 90. Mmoja anakata alama kwa uchafu wa kazi, mwingine anatazama jibu tu. Miongozo ya leo na vikao vya kulinganisha usahihishaji vimeipunguza tofauti hiyo, havijaimaliza. Kijana mmoja aliposikia habari hii alifurahi, akidhani nimempa silaha. Nikamwambia aisome tena. Kama msahihishaji wa pili anaweza kukuona bora kuliko wa kwanza, anaweza pia kukuona hovyo kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma masharti ya wanaosimamia mtihani wako. Kuna mahali alama hazishuki hata iweje. Kuna mahali zinaweza kushuka, na zikishuka ndizo zinazobaki. Kuna mahali ada hurudishwa daraja likibadilika, na mahali hairudi. Mimi siwezi kukuambia "omba" au "acha" bila kujua uko chini ya masharti yapi.

Kisha pima umbali. Uko alama ngapi kutoka mpaka wa daraja linalofuata? Aliyekosa kwa alama 1 au 2 ana hoja ya kufikiriwa. Aliyekosa kwa 15 asitegemee kusahihishwa upya. Labda kama kuna ukurasa uliorukwa, na huyo kuhesabiwa upya kunamtosha. Nawe uliyeuvuka mpaka kwa alama 1 ukasimama juu yake kidole tu, kaa kimya na ulichonacho. Namkumbuka binti aliyekwisha kupata nafasi ya chuo, ila hakuweza kuvumilia kwamba rafiki yake amemzidi. Akaomba. Alama zikashuka 3, na daraja likaenda nazo. Sikumcheka, ila wazazi wake niliwasema, kwa kuwa wao ndio waliolipa na wao ndio waliochochea.

Zipo dalili ambazo nikizisikia nasema omba, tena leo. Umeandikiwa "hakufanya" na ulifanya. Somo lenye karatasi mbili, moja ni 78 na ya pili 31, na ulitoka chumbani ukiwa umejibu yote. Alama za kazi ya vitendo hazionekani popote. Darasa zima limeanguka kwenye karatasi moja: hilo msilibebe mmoja mmoja, mkuu wa shule ndiye wa kuuliza kwa niaba yenu. Kama hakuna dalili hata moja ya hizi, nenda kwa mwalimu wa somo, si kwa shangazi anayekupenda, umwombe akuambie ukweli: alitarajia upate ngapi? Mwalimu akisema, "Hapo ndipo ulipokuwa," sikiliza, hata kama inauma.

Kama mnaruhusiwa kuona nakala ya karatasi yenu, anzeni na hiyo kabla ya ada nyingine yoyote, mradi muda unatosha. Isome na mwongozo pembeni. Wengi wakishaiona karatasi yao huacha shauri lenyewe. Wachache hukuta jibu lililonyimwa alama zake waziwazi, na hao huenda wakiwa na kitu mkononi.

Muda nao ni mfupi kuliko mnavyodhani. Lala usiku mmoja, usilale wiki. Na wakati unangoja majibu, mwambie chuo kinachokusubiri kwamba umeomba ukaguzi, uulize kama kinaweza kukushikia nafasi. Pia angalia tarehe ya kujiandikisha kurudia mtihani, kwa sababu inaweza kupita kabla majibu hayajafika.

Mkiamua kuomba, andikeni kwa ufupi: namba ya mtahiniwa, somo, karatasi, swali, kasoro mnayoidhani, na mnachotaka kifanyike, kuhesabu au kusahihisha. Mistari minane inatosha. Habari za taa kuzimika na homa ya asubuhi ya mtihani zina njia yake na fomu yake, hapa hazisaidii. Ukimaliza, pitia barua tena, na kila ulipoandika "ninastahili", futa, kisha uone kama kuna kilichobaki cha kutuma.

Ni mimi babu yenu,
msahihishaji mstaafu.