Muulize Mama ilianzaje

Nanjing, Januari

Dada Zuhura,

Shikamoo. Laki tatu ulizoniomba sina. Nimetuma laki na nusu kwa Hamisi, akukabidhi yote. Ya mwezi wa saba nayajua.

Kilichoniuma si hela, ni ile sindano. Mama kapata mafua, duka la dawa wakamchoma antibiotiki! Mafua ni virusi, Dada, na antibiotiki haiviui. Muulize ilianzaje. Kama ni chafya na kamasi, kidogokidogo, mwacheni apumzike. Kama asubuhi alikuwa mzima na jioni yuko kitandani, homa kali, viungo kama kapigwa, hiyo huenda ni influenza. Kwa umri wake msingoje, mpelekeni hospitali; dawa yake hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48. Na malaria mpimeni.

Mjomba naye, aliyesema kwenye harusi ya Asha kuwa nimevuka bahari kujifunza kuchemsha majani, mpe habari hii. Wiki jana mwalimu wetu wa tiba ya jadi ya Kichina aliniita mimi, mgeni peke yangu darasani, nisome ulimi na mshipa wa mgonjwa mbele ya Wachina. Madaktari wa jadi huku hawaanzi na kirusi, wanatafuta kama ni baridi au joto. Mwenye "baridi ya upepo" anatetemeka kuliko anavyochemka, jasho hakuna, kamasi kama maji, ulimi una utando mweupe. Mwenye "joto la upepo" homa yake inazidi, koo linamuuma, kohozi la njano. Wa kwanza hupewa vitu vya moto kama tangawizi. Wa pili ukimpa hivyo umemchochea. Nikasema baridi. Mwalimu akasema ndiyo. Siku hiyo hata ngazi sikuziona!

Ila Hamisi asimnunulie Mama dawa za Kichina za mtaani. Kuna mmea wa hiyo baridi, mahuang, una efedrini na unapandisha presha. Presha ya Mama unaijua.

Mimi mzima, baridi kidogo tu. Juzi usiku nilibanwa na mafua, nikachemsha maji kwenye birika la umeme, nikajifunika taulo nikajifukiza, majani ya mkaratusi sina. Mwenzangu wa chumbani, Mchina wa mwaka wa nne, akauliza hiyo ni tiba ya wapi. Nikamwambia ya Tanga, kwa Mama.

Jumapili mpe simu saa mbili usiku. Huku itakuwa saa saba, nitakuwa macho.

Mdogo wako,
Salimu