Barua ya kufunga shule: yale mayai na chumvi ya Darasa la Sita

Wazazi na walezi wetu, habari za majukumu, na wazee wangu wote shikamooni.

Tunafunga shule Ijumaa hii na kila mtoto atakuja na ripoti yake, naomba muisome mtoto akiwa amekaa pembeni yenu, sio kuangalia nafasi tu alafu mnaikunja. Mambo ya kawaida nayamaliza haraka: tunafungua Januari, mchango wa uji waliobaki ni wachache wamalizie, na sare iliyochanika ishonwe hata kwa kiraka, hatumrudishi mtoto nyumbani kwa ajili ya kiraka. Karatasi iliyobaki nataka niitumie kwa jambo moja ambalo limeniletea wazazi kadhaa ofisini muhula huu, lile la Darasa la Sita na mayai.

Najua mlivyoliona. Mtoto leo anaomba yai, kesho chumvi, keshokutwa chupa tupu ya maji, na jioni mkifungua daftari la sayansi mnakuta ukurasa mmoja tu na wenyewe umejaa michoro ya glasi. Mama mmoja aliniambia, mwalimu mimi nimemleta mtoto asome sio apike. Nilimsikiliza maana ana haki, yai ni hela. Nikamwomba aingie darasani akae kidogo, akakaa mpaka kengele ikalia.

Topiki yenyewe inaitwa densiti, yaani kitu kimeshikana kiasi gani kwa nafasi ileile. Wengi wetu tuliikariri, tungamo gawanya kwa ujazo, unaandika kwenye mtihani unapata vema, basi. Safari hii kabla ya kuanza mwalimu wa sayansi aliwauliza watoto, msumari na gogo kipi kitazama? Wakajibu msumari. Kwa nini? Kwa sababu ni mzito. Akauliza tena, kati ya gogo na msumari kipi kizito? Darasa zima kimya. Na fomula walikuwa wanaijua wote, ndo maana tukaamua chaki ipumzike kwanza.

Tukaazima mizani kwa muuza duka jirani yetu, Mungu amzidishie. Wakapima maji mililita 100 wakapata gramu 100, mafuta ya kula kipimo kilekile wakapata 92 hivi, hapo hapo wakaona wenyewe kwa nini mafuta yanakaa juu ya mchuzi. Jiwe halina umbo la kupimwa kwa rula, kwa hiyo unajaza jagi mpaka mdomoni, unalizamisha polepole, maji yanayomwagika unayakinga kwenye bakuli na kuyapima kwa bomba la sindano la duka la dawa, tulinunua mabomba matupu bila sindano msiwe na wasiwasi. Kundi moja jiwe lao lilikuwa gramu 270 na maji yaliyomwagika mililita 102, wakagawanya wakapata 2.6 na kitu, yaani uzito wa jiwe ni mara mbili na nusu na zaidi ya uzito wa maji ya ukubwa uleule. Kijana aliyepiga ile hesabu alirudia mara tatu maana hakuamini imetoka kwenye mkono wake.

Alafu fundi seremala akatupa kipande cha mpingo. Watoto wote walisema mbao inaelea, wakakitia kwenye ndoo kikazama mpaka chini kama jiwe. Zile kelele nilizisikia ofisini. Mpingo mkavu mililita 100 zake zinapita gramu 120, kwa hiyo maji hayawezi kuubeba, na hakuna mtoto pale atakayesahau hilo.

Siku ya mayai ilianza vibaya. Kila kundi lilikuwa na nusu lita ya maji, yai linakaa chini, unaongeza chumvi kijiko kimoja kimoja unakoroga mpaka liinuke. Kundi moja yai lao lilielea kabla hata ya chumvi, wakadhani wamekosea wakaanza kulaumiana. Mwalimu akalivunja pembeni, harufu ikajibu. Yai likikaa siku nyingi maji yake yanapotea kidogo kidogo kupitia ganda na hewa inaingia, uzito unapungua lakini ukubwa ni uleule, kwa hiyo linaelea. Kwa wengine, kijiko cha tatu yai likasimama wima, cha tano likaja juu. Na mayai mazima yalichemshwa wakala, hakuna kilichotupwa.

Sasa hapa ndo nilipotaka kuwafikisha, maana sisi wa bonde hili la Kilombero tunalima mpunga na wengi sasa hivi mnaandaa mashamba. Yale maji ya yai ndo yaleyale mabwana shamba wanayoelekeza kuchagulia mbegu. Ndoo ya lita 10 mnaongeza chumvi kidogo kidogo, inaweza kufika kilo 2, mpaka yai bichi zima lielee na lioneshe mgongo wa ukubwa wa sarafu. Mnamwaga mbegu mnakoroga, mapepe na punje zisizojaa zinakuja juu mnaziondoa, zilizoshiba zinabaki chini. Maji hayo hayo yanachagua mafungu mengi, yai likianza kuzama mnaongeza chumvi. Mbegu nzuri zisuuzwe papo hapo kwa maji safi mara mbili tatu, chumvi ikibaki itazuia kuota, na yale maji msiyamwage bustanini. Naomba sana kazi hii mumpe mtoto wa Darasa la Sita aiongoze mbele yenu, anaijua, na akieleza sababu mwacheni amalize.

Swali moja lilitoka kwa binti ambaye baba yake ni mvuvi, kama chuma kinazama mbona sufuria inaelea? Wakaiweka sufuria kwenye beseni la maji, ikaelea kwa sababu hewa iliyo ndani inahesabiwa kwenye ukubwa wake, wakaongeza mchanga kikombe kwa kikombe huku wanachora alama pembeni maji yalipofika, kikombe kimoja cha mwisho kikaizamisha. Yule binti akasema mtumbwi ni hivyo hivyo. Wazazi mnaovuka mto na watoto likizo hii, mkisikia mtoto anasema mtumbwi umejaa msimkemee.

Januari kila mtoto wa Darasa la Sita aje na namba mbili kwenye karatasi: mbegu zilikuwa vikombe vingapi, na mapepe yaliyoelea vikombe vingapi. Asiye na shamba apime kwa jirani. Chupa tupu za maji pia tunazihitaji, za nusu lita, zisitupwe.

Likizo njema,
Mwalimu Mkuu